Beni: Ngoma Ambayo Askari Aliweza Kuwa Jenerali

Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji ana mhusika wake. Mhusika akishinda mapambano na kupata hazina, anaongeza alama na kupanda ngazi.

Sasa turudi hapa hapa Dar, enzi za Mjerumani na Mwingereza. Kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na sare, gwaride na vyeo vya kuigiza hadi jenerali na mfalme. Huku hukupanda kwa kuua joka. Ilibidi uchangie, ulishe watu, uaminike. Mwanachama akifariki, wenzake walimzika.

Kwa nini watu waliipenda hivyo? Jeshini, ngazi ya Mwafrika ilikuwa na mwisho. Kwenye King's African Rifles ungefika sajenti au sajenti-meja, lakini maofisa wenye kamisheni walibaki Wazungu. Jioni kwenye beni, sajenti huyohuyo alipigiwa saluti kama jenerali. Vyeo vilikuwa vya mchezo, ila michango na mazishi vilikuwa vya kweli.