Pombe ya Mke wa Luther

Wasomaji wengi wajua ya kuwa Katharina von Bora alitoroka utawani mwaka 1523, akaolewa na Martin Luther mwaka 1525. Wachache wajua ya kuwa alipika pombe nyumbani mwao kule Wittenberg, nayo nyumba ile zamani ilikuwa ya watawa! Kazi yenyewe si ngeni kwa mama zetu: shayiri hulowekwa hata ichipuke, hukaushwa, husagwa, hutiwa maji ya moto. Togwa yake huchemshwa pamoja na maua machungu, kama Wachaga watumiavyo msesewa katika mbege, kisha huachwa ichachuke. Luther aliisifu pombe ya mkewe. Lakini mwaka 1539 aliwahubiri Wajerumani kwa ukali juu ya ulevi wao. Pombe yenyewe hakuikataza, jambo gumu kwetu tuliofundishwa kwamba hata chungu chake ni dhambi.