Kazi ya usiku: mtoto anabaki na nani?
Muuguzi anaingia zamu ya usiku. Mchuuzi anaondoka saa 10 alfajiri kuwahi mnada. Mtoto anabaki na nani?

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua vituo vya kulelea watoto mchana. Jina lenyewe linaonyesha pengo: giza likiingia, mzazi hutegemea bibi, dada wa kazi au jirani.

Mama aliyeajiriwa ana kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa miezi 2 baada ya kujifungua, mwajiri haruhusiwi kumpangia kazi ya usiku, isipokuwa mwenyewe aombe na alete cheti cha daktari. Hata miezi hiyo ikipita, cheti kikionyesha kwamba afya ya mtoto hairuhusu, zuio linaendelea. Kwa hiyo mtoto akiugua, omba cheti hospitalini na umpelekee mwajiri.

Mchuuzi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumdai haki hiyo. Kwake tunashauri apatane mapema na mlezi mmoja anayemfahamu vizuri, na amwachie namba ya simu inayopatikana usiku kucha.