Nchi Iliyohesabu Wataalamu Wake

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake cha kwanza katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Mwalimu Nyerere alikuja kueleza baadaye kwamba Waingereza waliondoka wakiacha wahandisi wawili na madaktari 12.

Kwa uhaba huo, kubahatisha kungeigharimu nchi. George Tobias, mtaalamu aliyekuja kwa msaada wa Ford Foundation, alikusanya hesabu ya wataalamu waliopo na watakaohitajika kuanzia 1962 hadi 1967. Robert Thomas akafanya nyingine kwa ajili ya Mpango wa Miaka Mitano wa 1964, uliolenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980.

Kazi zote ziligawanywa katika mafungu. Fungu A lilidai shahada. B, mafunzo ya mwaka mmoja hadi mitatu baada ya sekondari. C, elimu ya sekondari. Hesabu ya kila fungu ikawa msingi wa kupanga nafasi za masomo, na hata nafasi za kidato cha kwanza zilipangwa kwa kuitazama. Mtoto wa darasa la saba huko Songea au Bukoba alifungiwa au kufunguliwa mlango na makadirio ambayo mzazi wake hakuwahi kuyasikia. Aliyefika chuo kikuu kwa fedha za serikali alifungwa na mkataba wa kuitumikia serikali kwa miaka mitano.

Mfumo huo ulizaa matunda. Wazalendo walishika madaraka kwa kasi kubwa. Lakini taarifa zilikwenda upande mmoja: mwajiri alitaja idadi, serikali ikapanga, chuo kikatekeleza. Kisha Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Benki na viwanda kadhaa vikawa mali ya umma, na mahitaji ya watumishi yakabadilika kabla wanafunzi waliopangwa kwa hesabu za zamani hawajamaliza masomo.

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Hapo taarifa zikapata njia ya pili, ya kurudi chuoni. Wanafunzi walipelekwa viwandani na kwenye miradi ya ujenzi kwa mafunzo ya vitendo, maarufu kama PT (Practical Training). Mhandisi aliyemsimamia kijana kwenye mtambo aliona mwenyewe kijana huyo alifundishwa nini na alikosa nini, na mhadhiri aliyesoma ripoti ya kijana huyo alijua kiwandani kuna nini.

Kwa upande wa ufundi stadi, ilibidi kusubiri sheria ya 1994 iliyounda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Sheria hiyo iliwatoza waajiri fedha za mafunzo, ikawapa pia viti kwenye bodi, pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi. Waliokuwa wakiulizwa idadi tu sasa waliweza kuhoji mafundi wanafundishwa nini.