Serikali Ikianguka, Deni la Vita Analipa Nani?

Juzi tukiwa kwenye foleni ya kompyuta pale kafe, ubishi ulizuka. Jamaa mmoja aling'ang'ania kuwa dikteta akiangushwa, madeni yake ya vita yanaondoka naye. "Kwani hawa wapya ndio waliopigana?" Swali zuri. Nikaenda kuchimba.

Kanuni ya kimataifa ni hii: mdaiwa ni nchi, siyo serikali. Watawala wanapita, nchi inabaki na deni lake.

Chukua Iraq. Agosti 2, 1990 Saddam Hussein aliivamia Kuwait. Majeshi yake yalipotimuliwa mwaka 1991, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 687, likaibebesha Iraq fidia. Tume ya kushughulikia madai ikawekwa Geneva, na pesa zikawa zinakatwa kwenye mauzo ya mafuta, mwanzoni asilimia 30.

Mwaka 2003 Saddam akaangushwa. Deni likafutwa? Wapi! Azimio namba 1483 lilishusha makato hadi asilimia 5, basi. Desemba 2006 Saddam akanyongwa, Wairaki bado wanalipa. Awamu ya mwisho ilitoka Januari 2022, jumla dola bilioni 52.4. Yaani mtoto aliyezaliwa Baghdad mwaka Saddam alipoanguka alikuwa ameshafikisha miaka 18!

Ila kuna jambo. Iraq ilikuwa na madeni mengine pia, mikopo ya enzi za Saddam, ikiwemo ya wakati wa vita na Iran (1980-1988). Mwaka 2004 nchi wakopeshaji za Klabu ya Paris zilikubali kusamehe asilimia 80 ya kile zilichokuwa zinadai. Angalia vizuri: waliosamehe ni wadai wenyewe. Kuanguka kwa Saddam peke yake hakukufuta kitu.

Ujerumani nayo vilevile. Vita Kuu ya Kwanza aliipigana Kaisari, lakini alishaondoka madarakani mwaka 1918. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaibebesha fidia jamhuri iliyomrithi. Hitler akagoma kulipa. Mwaka 1953 huko London, Ujerumani Magharibi ikakubali kulipa mikopo iliyochukuliwa kwa ajili ya fidia hiyo, na sehemu ya riba ikasubirishwa mpaka nchi iungane. Ilimalizika Oktoba 3, 2010. Miaka 92 baada ya vita kwisha!

Je, ni haki? Hapa mimi napata kigugumizi. Kijana wa Baghdad hakuvamia mtu. Lakini na yule aliyepoteza nyumba au kazi Kuwait, angemdai nani? Maiti ya Saddam?

Wahenga walishamaliza: dawa ya deni ni kulipa. Mapinduzi siyo dawa. Labda mwenye chake asamehe.

Naomba kutoa hoja. Nyie mnasemaje?