Baiskeli isiyopandwa

Wadau, wiki hii nimezama kwenye historia ya vita. Sio ile ya majenerali na mizinga, ni ile ya unga na mchele. Nani anambebea askari chakula? Na huyo anayebeba, yeye anakula nini?

Swali hilo lina jina hapa Dar: Kariakoo. Wengi tunajua jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia (Nairobi nao wana Kariokor yao). Mbung'o walikuwa wanamaliza farasi na punda, barabara hakuna, basi mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu. Tatizo ni kwamba mtu naye anakula. Hebu piga hesabu mwenyewe: mpagazi ana kilo 25 kichwani na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, kilo 20 zimeishia tumboni mwake. Jeshi limepata kilo 5. Ongeza siku tatu za safari kila upande, hapo hata mzigo wote haumtoshi yeye mwenyewe. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwenye vita ile, na wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi, chakula kibovu na uchovu.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mwaka 1954 iliwakuta wakulima wa Vietnam vilevile ilivyo. Wao wakaingiza baiskeli.

Novemba 1953 Wafaransa walishusha askari kwa miamvuli kwenye bonde la Dien Bien Phu, kaskazini magharibi mwa Vietnam, jirani na mpaka wa Laos. Huwa tunapenda kuwacheka, lakini mpango wao haukuwa wa kijinga. Wao wangelishwa kwa ndege kutoka Hanoi, kama kilomita 300 hivi. Jeshi la Jenerali Vo Nguyen Giap lingelazimika kuleta kila punje ya mchele kupitia milima na misitu, mamia ya kilomita. Wapagazi wangekula mzigo njiani. Kariakoo tupu!

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Nyingi zilikuwa baiskeli za Kifaransa, Peugeot na zile za kiwanda cha Saint-Étienne, zilizoletwa na wakoloni wenyewe. Mafundi waliziimarisha fremu kwa vyuma na mianzi. Kiti kikang'olewa, na kwenye bomba lake ukachomekwa mti uliosimama wima. Mwanzi mwingine mrefu ukafungwa kwenye usukani ukitokeza pembeni. Hakuna aliyepanda. Mtu anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye mwanzi wa usukani kuongoza, mwingine kwenye ule mti wa nyuma kusukuma, na kwenye mteremko kuvuta breki kwa nguvu za mwili. Matairi yalitiwa vipande vya nguo na mpira wa zamani ndani ili yasipasuke. Wale jamaa wa mkaa wanaoingia mjini na magunia yaliyowazidi kimo wangeielewa kazi hii bila kuelezwa.

Baiskeli moja ilibeba kilo 200 au zaidi. Kumbukumbu za Vietnam zinamtaja Ma Van Thang, aliyefikisha kilo 352. Rudi kwenye hesabu yetu: msukumaji naye anakula kilo 20 kwa safari ya siku 20, lakini safari hii zinabaki kilo 180. Ni mara 36 ya yule wa kichwani. Hata ukimpa msaidizi wa kumsukumia milimani, bado faida ni kubwa mno.

Baiskeli zilikuwa kama 20,000, zikitembea usiku kukwepa ndege. Ila mimi siwakubali wanaosema baiskeli ndiyo iliyoshinda. Kulikuwa na malori mia kadhaa yaliyotengenezwa Urusi, na raia zaidi ya 260,000 walioitwa kwenye kazi ya kubeba, wakiwemo wanawake wengi, wenye mizigo kwenye mti begani. Baiskeli zilichukua pale lori lilipokwama.

Machi 13, 1954 mizinga ambayo Wafaransa waliamini haiwezi kufika ikaanza kufyatua kutoka vilimani. Mkuu wa mizinga wao, Kanali Charles Piroth, aliyekuwa na mkono mmoja, alikuwa ameahidi kuinyamazisha. Siku mbili baadaye alijiua kwa bomu la mkono. Mei 7 ngome ikaanguka.

Wamarekani nao walipoingia vitani wakapiga mabomu madaraja. Mwaka 1967 mwandishi wa New York Times, Harrison Salisbury, aliyekuwa ametoka Hanoi, aliwaambia maseneta mjini Washington kwamba anaamini bila baiskeli watu wale wasingeweza kuendelea na vita. Daraja likivunjwa, lori linasimama. Mwenye baiskeli anashusha magunia, anavusha kila kitu juu ya mianzi iliyofungwa pamoja, anapakia upya ng'ambo, anaendelea kusukuma.