Taya la Breki, Si Kiatu

Mwezi uliopita nililetewa kitini cha istilahi za ufundi wa magari nikiombwa nikipitie kabla hakijapelekwa kuchapwa. Nilikisoma kwa moyo mkunjufu mpaka nikafika kwenye breki za nyuma. Hapo nikakutana na "kiatu cha breki", na chini yake, kwa herufi zilezile nzito, "kiatu kiongozi" na "kiatu kifuasi". Kalamu nikaiweka chini. Neno hili nililipinga kwa maandishi miaka mingi nyuma, tena nikatoa badala yake, na sasa limerudi limevishwa sare ya usanifu kana kwamba hakuna aliyewahi kulisemea.

Waliokaa wakalipitisha sitawataja. Ninachojua ni kwamba katika kikao kile hakuna aliyewahi kuchuchumaa mbele ya ekseli ya nyuma ya gari lililo juu ya jeki. Walifungua kamusi ya Kiingereza, wakaona shoe, wakaandika kiatu, kikao kikafungwa.

Na huyo Mwingereza alilipata wapi jina hilo? Enzi za magari ya kukokotwa na farasi, kabla ya kuteremka mlima, mwendeshaji alikuwa akitia chini ya gurudumu la nyuma kipande cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo. Gurudumu lilikikalia chuma kile, likaacha kuzunguka, gari likateremka kwa kuburura. Chuma kilikaa chini ya gurudumu kama soli inavyokaa chini ya unyayo, kwa hiyo kuitwa kiatu kulikuwa sawasawa. Baadaye kazi ya kulizuia gurudumu ilihamia kwenye vipande vingine, na mwisho ikaingia ndani ya ngoma, lakini Mwingereza alihama na jina lake la zamani. Ni haki yake, maana jina hilo kwake lina kumbukumbu. Sisi tunaletewa jina bila kumbukumbu.

Kiatu chetu nacho kina ukoo wake. Mgikuyu husema kĩratũ, na mzizi ulioko nyuma ya maneno haya katika lugha za Kibantu ni wa kukanyaga. Kiatu kwetu ni kile unachokanyagia. Sasa kipande kilicho ndani ya ngoma ya breki kinakanyaga nini? Kinaning'inia katikati ya gurudumu, hakigusi ardhi, hakivaliwi na chochote. Afadhali mara mia "shuu" ya gereji. Shuu ni neno la kukopa lisilodai kuwa na maana nyingine. Kiatu kinampa mwanafunzi picha, na picha yenyewe ni ya uongo.

Tuwatazame na wengine. Mjerumani kipande hiki anakiita Bremsbacke, na Backe kwake ni shavu, tena ndilo jina analozipa zile sehemu mbili za jiliwa zinazoshika chuma. Mwitalia husema ganascia, taya. Mfaransa husema mâchoire, taya, neno lililotokana na kutafuna. Na Mfaransa hapa si mpita njia: breki ya ngoma ya kisasa inahesabiwa kuwa kazi ya Louis Renault, mwaka 1902. Wapinzani wangu hupenda kunitolea Mhispania, ambaye husema zapata, neno la ukoo wa kiatu. Namkubali Mhispania. Ni mmoja.

Lakini hoja yangu kubwa haitoki Ulaya, inatoka Buguruni. Siku moja nilisimama uani kwenye gereji, fundi akifungua breki ya nyuma kushoto ya Probox. Ngoma ilikuwa imeshika kwa kutu; aliigonga kwa nyundo ukingoni, akazungusha kidogo, akagonga tena, mpaka ikatoka na vumbi lake jeusi. Ndani vikaonekana vipande viwili vya chuma vilivyopinda, vinatazamana kama mabano. Chini vimeegemea kizuizi kimoja, na huko chini ndiko vinakochezea. Juu, katikati yao, kuna silinda ndogo yenye pistoni mbili. Ukikanyaga breki, mafuta yanazisukuma pistoni na vipande vinatanuka mpaka vishike ukuta wa ngoma. Ukiachia, springi zinavirudisha. Nilimuuliza kijana aliyekuwa anashika spana vile vipande vinafanana na nini. Akavitazama. "Mdomo wa papa, mzee. Ule wanaokausha." Hakusema kiatu.

Taya ni jozi. Taya limepinda, limeungwa upande mmoja na kufunguka upande wa pili. Na taya lina meno, ambayo huisha nalo likabaki. Hivyo ndivyo ilivyo hapa: ile laini iliyobandikwa mgongoni mwa chuma ndiyo inayolika, na kwenye malori mafundi huing'oa wakagongelea mpya kwa ribiti juu ya chuma kilekile cha zamani. Taya limetiwa meno mapya. Jaribu kuisema habari hiyo kwa kiatu uone utakavyohangaika na soli.

Nimepingwa kwamba taya hushika kwa kufumba, ilhali breki hii hushika kwa kutanuka. Pingamizi hilo nimelisikia katika mikutano mitatu, kila mara likitolewa kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala. Aliyelitoa aende kwa mkereza vyuma. Yale mataya matatu ya mashine ya kukerezea hukamata chuma kwa kukaza kuelekea ndani, lakini kipande kikiwa na uwazi kama bomba, mkereza huyaingiza mle ndani akayatanua yakakamata kutokea ndani. Hakuna aliyeyabadilisha jina kwa sababu hiyo.

Mwenzetu mwingine, hodari sana wa kuandika dibaji, amependekeza "gango". Gango hushika kitu kikatulia hapo. Breki isiyoachia ni gari lililokwama, na harufu ya laini zinazoungua.

Istilahi hupimwa kwa uzao wake. Ngoma inapozunguka kwenda mbele, taya moja huburutwa na mzunguko ule likajikaza zaidi ya mguu wa dereva ulivyolisukuma. Hilo naliita taya tangulizi, na kwa kawaida ndilo linaloisha meno mapema. La pili husukumwa mbali na ngoma. Hilo ni taya fuasi. Gari likirudi nyuma yanabadilishana kazi. Kitini kinasema "kiatu kiongozi". Kinaongoza nani?

Upande wa kazi yenyewe ya kubadilisha mataya nisiwachoshe mafundi. Zuia magurudumu ya mbele, shusha hendibreki, pandisha gari, toa tairi. Ngoma ikigoma, kwenye Toyota nyingi funga bolti mbili za milimita 8 katika matundu yake yenye hesi, uzikaze kwa zamu mpaka iachie. Fungua upande mmoja tu, wa pili uubakize uwe kielelezo cha kupangia springi. Vumbi usilipulize kwa upepo, lifute kwa kitambaa chenye maji, kwani laini za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Kwenye Corolla nyingi laini isipungue milimita 1, na ngoma ya milimita 200 isivuke 201. Kipimo cha mwisho aghalabu huwa kimeandikwa kwenye ngoma yenyewe. Mataya manne ya ekseli moja hubadilishwa kwa pamoja.

Kuhusu ngeli: taya la breki, mataya ya breki. Wapo wanaosema taya za breki, na sitawagombeza. "Ngoma" sina ugomvi nayo. Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa wote wanaiita ngoma, na neno ni letu la Kibantu tangu asili. Wale waliotaka "pipa" walishindwa, na ninashukuru kwamba safari ile mafundi walisikilizwa.

Kitini nimekirudisha. Kila palipoandikwa kiatu nimekata na juu yake nimeandika taya, mara kumi na moja kwa jumla, na ukurasa wa mwisho, penye nafasi ya jina la mpitiaji, nimepaacha wazi hadi nione toleo litakalochapwa.