Waliokombolewa Mara Mbili

Katika siku za jubilei hutajwa sana majina ya maaskofu, nayo ni haki yao. Lakini walioichukua Injili toka pwani hata Masasi mwaka 1876, wengi wao walikuwa watu waliouzwa.

Mwanzo wa habari hii ni Unguja. Askofu Tozer alipofika huko mwaka 1864, Sultani Majid alimpa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni yetu, na mmoja wao, John Swedi, akafanywa shemasi mwaka 1879. Soko la watumwa lilifungwa mwezi wa Juni 1873, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale, Mkunazini. Kisha Askofu Steere akawaongoza watu waliowekwa huru, akishika njia ya Lindi, wakikusudia kurudi upande wa Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa.

Basi mwalimu atakayesoma habari hii na alitafakari neno moja: Mkombozi. Sisi tumelizoea, hulitamka tukipiga miayo. Kwao kukomboa lilikuwa neno la rehani na la mateka, la ndugu atoaye mali ili mtu wake arudi nyumbani. Mtu aliyesimama sokoni akimngoja ndugu yake, wala ndugu asije, hahitaji kuelezwa sana maana ya neno hilo.

Wala taabu yao haikuishia sokoni. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakaishukia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua watu, wakachukua mateka. Baadhi ya mateka wakakombolewa kwa mali, maana yake mara ya pili. Wengine hawakurudi kamwe. Misheni ikahamia Newala, na wengi wakatawanyika.

Sisemi kwamba utumwa ulikuwa baraka. Nimesikia mhubiri mmoja akisema hivyo, nikaona haya kwa ajili yake. Mateso huzaa uchungu upesi kuliko imani, na wako waliowekwa huru ambao hawakutaka kusikia habari za Mungu, nani atawalaumu? Lakini waliosadiki walisema na wenye huzuni kama watu waijuao njia.

Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni. Alisoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kusoma zaidi, na mwaka 1886 akafanywa shemasi, akatumwa Chitangali, katika nchi ya jumbe Nakaam. Mwaka 1890 Askofu Smythies akampa upadre, wa kwanza katika misheni yetu kwa mtu wa Afrika. Angalieni jambo hili: alirudi kuwahubiri Wayao, kabila lake mwenyewe, na miongoni mwao walikuwako waliofanya biashara ile ile iliyomwondoa kwao. Akakaa nao miaka 11, mara nyingi bila Mzungu karibu, hata aliporudi Unguja mwaka 1897.

Mimi niandikaye nilikuwa nikifundisha wakatekumeni habari hizi miaka mingi, nami naziona ni habari za kale tu. Kisha tukamzika mtoto wetu wa tatu. Miezi minne sikufundisha. Nilimwambia padre kwamba naumwa mgongo. Siku moja bibi mmoja mzee wa mtaa wetu, aliyezika watoto watano, akaja akaketi barazani. Hakunihubiri. Akauliza, "Mwalimu, yule padre wenu aliyeuzwa, aliwaambiaje watu wake alipowaona tena?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Nami sijui. Lakini alikwenda."

Jumapili iliyofuata nilirudi darasani. Somo lilikuwa lile lile, la Mkombozi, nikalifundisha polepole.